Mashabiki wanataka Zuhura aachike: mtunzi afuate komenti au ashike skripti yake?

Swali la msomaji:

"Shikamoo kaka. Mimi na wenzangu wanne tuko Morogoro, tunatengeneza tamthilia tunaiweka YouTube kila Jumatano na Jumamosi, sasa hivi tumefika episodi ya 22. Ni hadithi ya Zuhura, mume wake Kassim ana mchepuko anaitwa Nasra. Mimi ndo naandika. Toka mwanzo nilipanga Kassim atajuta na Zuhura atamsamehe mwishoni. Sasa komenti karibu zote zinasema Zuhura amuache, wengine wanasema wakirudiana tu wanajitoa kwenye chaneli. Dairekta anasema mteja ni mfalme tubadilishe, mi roho inakataa. Je mtunzi asikilize mashabiki au anyooshe hadithi yake kama alivyoipanga? Nimekutumia skrinshoti za komenti uzione."

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Episodi 22 bila mdhamini, watu watano, kamera ya kuazima, hiyo sio mchezo, najua ni kulala saa tisa na kushindia chipsi kavu lokesheni alafu asubuhi mtu anakomenti "mbona mmechelewa kupost, mnatuchukulia poa".

Swali lako kila mtu ana jibu lake mfukoni. Wapo wanaosema mteja ni mfalme kama huyo dairekta wako, na wapo wanaosema msanii hapangiwi. Mi nimekaa kwenye meza ya skripti miaka kumi na moja sasa, nimeshakuwa upande wa kwanza nikaumia, nikahamia upande wa pili nikaumia zaidi, kwahiyo sikupi ndio wala hapana. Nataka kwanza tuiangalie hiyo "mashabiki wanasema". Wanasema wakiwa wamekaa wapi?

Jana usiku nilikaa na skrinshoti zako na daftari. Sikiliza hii moja: "Zuhura achana na huyo mbwa jamani nimelia mpaka mwanangu ananishangaa." Huyu dada yuko wapi? Yuko ndani. Yuko sebuleni kwa Zuhura, kakaa pembeni yake kwenye kochi, kamshika bega. Hana habari kama kuna skripti, hana habari kama kuna we. Anaongea na Zuhura, haongei na wewe, sasa we unaitikia ya nini na hukuitwa?

Alafu chukua hii: "Samahani naomba kuuliza, huyu Zuhura kodi analipa na nini? Kazi hana, mume hayupo, ila wigi kila episodi jipya." Huyu ametoka nje. Alikuwa ndani kama wenzake, kuna kitu kikamsukuma mpaka mlangoni, sasa kasimama uani anaangalia nyumba yako na kauona ufa. Huyu ndo anaongea na wewe. Mjibu, ila usimjibu kwenye komenti ukaanza kubishana naye kwamba Zuhura ana akiba, mjibu kwenye skripti. Muonyeshe Zuhura anauza wigi moja, au mwenye nyumba anagonga mlango saa kumi na mbili asubuhi, na hapo umepata na sini mbili za bure.

Kwangu mi kazi yote ya kusoma komenti ni hiyo tu, kujua nani yuko ndani na nani ametoka. Wale wa "wa kwanza leo naombeni laiki zangu" hao wanapiga hodi, waache. "Mbona fupi" hiyo ni sifa, usirefushe episodi kwa ajili yake, mtu akisema pilau halikutosha haina maana alitaka sufuria zima.

Wa nje wanaweza kuwa wengi mno kwa mara moja, na hapo usijifanye jeuri. Kuna tamthilia ya Marekani inaitwa Lost, watu walioanguka na ndege kisiwani. Msimu wa 3, mwaka 2006, wakaletwa wawili, Nikki na Paulo, eti na wao walikuwa kwenye ndege ile ile toka siku ya kwanza ila sisi tu ndo hatukuwahi kuwaona. Misimu miwili mizima! Watazamaji walikasirika, na ukisikiliza hasira yao haikuwa ya "namchukia Nikki kwa alichomfanyia fulani", ilikuwa ya "hawa ni kina nani na wametokea wapi". Hiyo ni sauti ya uani kabisa. Watunzi, Damon Lindelof na Carlton Cuse, walishaona wenyewe kwamba hao wawili hawakai, na Machi 2007 wakawapa episodi moja ya peke yao, wakaumwa na buibui, wakapooza, wenzao wakadhani wamekufa wakawazika wazima. Ukatili wa kuchekesha. Lakini angalia walivyofanya, hawakuwafuta kimya kimya tukajifanya hatukuona, waliligeuza kosa likawa hadithi.

Hilo limewahi kunikuta, sio la buibui, la eda. Tulikuwa na mama mmoja kwenye hadithi, kafiwa na mume, na kwa hesabu ya hadithi wiki mbili baadae tukamuonyesha kwenye harusi ya mpwa wake, kajipamba, hina mpaka kwenye viwiko, anacheza. Aliyeandika hiyo episodi ni kijana ambaye hakukulia kwenye mazingira hayo hakuwaza, na mimi niliyetakiwa kuona nikapitisha. Simu ilianza kuita episodi haijaisha. Namkumbuka mama mmoja wa Tanga, hakutukana wala hakupandisha sauti, akasema, "Wanangu, huyo mwanamke yuko eda. Miezi minne na siku kumi. Dhahabu mnamvalisha ya nini?" Nilitamani ardhi ipasuke. Na mbele tulikuwa tumesharekodi episodi kumi na nne. Tukakaa usiku tukaandika sini moja ya nyongeza, shangazi mtu anakuja kumkalisha chini yule mjane, anamwambia maneno ambayo yule mama wa Tanga angeyasema, na mjane anajibu akilia kwamba nyumba ilimshinda, kila kona anasikia kikohozi cha marehemu, akatoka. Basi. Mtaa mzima kwenye hadithi ukaanza kumsengenya na tukapata mgogoro wa miezi miwili ambao hakuna mtu mezani alikuwa ameuwaza. Yule mama alijua kuliko sisi wote. Mtu akikwambia umekosea mila yake, kazi yake, ugonjwa wake, mtaa wake, usimbishie hata kama kakuandikia kwa kapsi loki na matusi mawili juu. Kwenye skrinshoti zako yupo nesi analalamika kucha za yule nesi wenu wa hospitali, kucha ndefu vile anamchoma mgonjwa sindano na nini? Kata hizo kucha leo.

Sasa wale wa ndani, ambao ndo wanakunyima usingizi. Wanataka Zuhura amuache Kassim. Hapa nikupe mkasa wangu mwingine. Tulikuwa na adui mmoja mzee, tajiri wa malori, mshenzi ila ana maneno matamu, watu walimpenda hatari, vijana wakawa wanatumia misemo yake mtaani. Kwenye mpango alikuwa akamatwe episodi ya 60. Prodyuza akaona mashabiki wanalia "msimtoe mzee", akasema asitoke, na mi nilikubali, sitaki kujisafisha, nilikubali nikifurahi maana yeye ndo alikuwa rahisi kumuandikia. Basi kila wiki tunamtafutia uovu mpya, na ili asikamatwe inabidi polisi wawe wajinga, mke asione, shahidi asahau. Ikafika episodi ya 80 hivi komenti zikaanza kubadilika: "hivi hii nchi yenu haina polisi?" Umeona kilichotokea? Tuliwatii wa ndani mpaka tukawatoa nje. Wao wenyewe waliotuomba ndo walikuja kutucheka, na haki yao.

Na sio sisi wachanga tu. Dallas, ambayo ilikuwa tamthilia kubwa dunia nzima miaka ya 80, Bobby Ewing aligongwa na gari akafa mwaka 1985 kwasababu mwigizaji Patrick Duffy alitaka kuondoka. Watu walimkosa, watazamaji wakapungua, Larry Hagman aliyekuwa anaigiza J.R. akamshawishi mwenzake arudi. Mwaka 1986 Pam, mpenzi wake Bobby, anaamka asubuhi anafungua mlango wa bafuni anamkuta Bobby anaoga, mzima, na msimu wote uliopita, harusi zake misiba yake na ugomvi wake, ulikuwa ndoto ya Pam. Mashabiki walipewa walichoomba. Na mpaka leo ukitaja Dallas mtu anakumbuka bafu. Kinachonifurahisha mimi zaidi ni kwamba kulikuwa na tamthilia ndugu yake, Knots Landing, ambayo ilikuwa imeshaandika majonzi ya kifo cha Bobby, na wenyewe wakagoma kumfufua, kwahiyo huku Bobby mzima anaoga, kule marehemu.

Wabrazil kwenye hili ndo mabingwa wa dunia, maana novela zao zinaandikwa huku zinaonyeshwa, mtunzi kila wiki anajua watu wanasemaje. Mwaka 1967 stesheni ya Globo ilikuwa na novela inaitwa Anastácia, wahusika wengi kupita kiasi, hakuna anayeelewa nani mtoto wa nani, watazamaji hawaitaki. Wakamwita mtunzi mwingine, Janete Clair, aiokoe. Alileta tetemeko la ardhi! Likaua karibu kila mtu, wakabaki wachache, hadithi ikaruka miaka 20 mbele ikaanza upya. Mi huwa nacheka ila ukifikiria vizuri alikuwa sahihi, wale walikuwa watazamaji waliotoka nje kwa sababu nyumba imejaa watu. Miaka 31 baadae, 1998, stesheni ile ile, novela Torre de Babel, jengo la maduka likalipuka, na kati ya waliokufa ni wanawake wawili wapenzi na kijana mraibu wa madawa ambao watazamaji walikuwa wamewakataa. Huku hakukuwa na shida ya hadithi kutoeleweka. Watu hawakusema "hatuwaelewi hawa", walisema "hatutaki kuwaona". Tetemeko na mlipuko kwa mbali vinafanana, ila kwangu la kwanza ni fundi kaziba ufa na la pili ni mwenye nyumba kafukuza wageni kwa sababu majirani wamenuna. Ukifika hapo komenti haikusaidii, utaamua na dhamira yako.

Na kuna wa ndani wengine ambao hutakiwi kuwafurahia hata kidogo ingawa wanakusifia. Breaking Bad, mwalimu wa kemia anayegeuka kuwa muuza madawa ya kulevya, kuna mashabiki walimpenda yule muuaji mpaka chuki yote wakaihamishia kwa mkewe Skyler, kisa anamuuliza mumewe maswali ambayo mke yeyote mwenye akili angeuliza. Ikafika mpaka mwigizaji wake, Anna Gunn, Agosti 2013 akaandika makala kwenye New York Times kuhusu matusi anayopokea yeye mwenyewe, sio Skyler, yeye. Watunzi hawakuwapa hao mashabiki mke mpole. Hapa kwetu wakubwa wanaikumbuka Twende na Wakati ya Radio Tanzania, ilianza 1993, Mkwaju dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo. Mhusika kama huyo watu lazima wamcheke na wengine wamhusudu, ila hakuachwa apete, alipata UKIMWI, na mkewe Tunu alimuacha akasimama na biashara yake ndogo. Ile ingekuwa tamthilia ya kufuata shangwe, Mkwaju angekuwa steringi mpaka leo.

Nimesema hilo la Anna Gunn kwa makusudi maana umeniandikia mwishoni, kama jambo dogo tu, kwamba binti anayeigiza Nasra katukanwa sokoni na mwanamke mmoja nusura amrushie nyanya. Mdogo wangu hilo sio dogo. Msilipost kama kiki. Mtu akimtukana Nasra kwenye komenti ni sawa, yuko ndani, akianza kumtaja yule binti kwa jina lake la nyumbani futa na mbloku, na mwezi huu asiende sokoni peke yake kama ndo mnarusha zile episodi za moto.

Haya, kabla sijarudi kwa Kassim kuna watu hatujawagusa kabisa, nao ndo wengi. Episodi yako ya 20 ina vyuu elfu 41 na komenti mia tatu na kidogo. Hao elfu arobaini na wengine wako wapi? Wamenyamaza. Wapo wanaoangalia wanachambua mchicha, wapo wa kwenye daladala na bando la mia tano, wapo wanaume wanaoangalia kwa kujificha hawataki ijulikane. Hao hawakomenti hata nyumba ikiungua. Zamani msimulizi aliwaona kwa macho. Bibi akisema hadithi hadithi na watoto wakajibu hadithi njoo, aliangalia nani anasogea na nani anapiga miayo, akapunguza au akarefusha hapo hapo, na wale watafsiri wa filamu kwenye vibanda umiza ni hivyo hivyo, akiona watu wanaanza kuongea na simu anaongeza chumvi. We huna macho hayo, ila YouTube wanakupa ile grafu inayoonyesha watu wanabaki mpaka dakika ya ngapi, na nakuomba uipende kuliko komenti. Ulinitumia ya episodi ya 20, angalia dakika ya sita. Mstari unaanguka kama jiwe. Nikaenda kuangalia kuna nini dakika ya sita: Kassim anarudi nyumbani. Geti linafunguliwa. Gari inaingia. Gari inapaki. Kassim anashuka, anafunga mlango, anasahau simu, anafungua mlango, anachukua simu, anafunga mlango, anatembea, anavua viatu, na muziki unalia muda wote. Hakuna hata mmoja aliyekukomentia "gari ndefu". Walitoka tu kimya kimya, wengine wakaruka mbele, wengine hawakurudi.

Kuna na suala la muda, ambalo watu hawalisemi. Komenti inafaa sufuria likiwa bado jikoni. Hizi tamthilia za Kituruki tunazoangalia zimetiwa sauti za Kiswahili, kule kwao zinaandikwa wiki kwa wiki, episodi moja masaa mawili na zaidi, namba zikishuka inakatwa hata ikiwa na episodi chache tu, kwahiyo mtazamaji wa Istanbul akinuna mtunzi anatetemeka. Sisi huku tukinuna tunanunia maiti, hadithi ilishaisha zamani, waigizaji wameshaota mvi. Tamthilia za hapa za kila siku zinarekodiwa kwa mkupuo, watu wakilalamika leo we ulishapiga ya mwezi ujao, na huko kuchelewa kuna faida yake, hasira inapoa, unajua ipi ilikuwa kweli. We unarekodi Jumapili unarusha Jumatano. Unaweza kutii ndani ya siku tatu! Hiyo ndo hatari yako kubwa, kuliko hata ukaidi. Jiwekee sheria ya wiki mbili, komenti isikuguse mkono wa kuandikia kabla ya wiki mbili.

Vitisho vya kujitoa kwenye chaneli sitavitilia maanani sana. Game of Thrones, tamthilia ya Marekani ya koo zinazogombania ufalme, ilipoisha Mei 2019 zaidi ya watu milioni moja na nusu walisaini ombi kwamba msimu wa mwisho urudiwe upya na watunzi wengine. HBO, stesheni iliyokuwa inairusha, hawakurudia kitu. Agosti 2022 wakaanzisha House of the Dragon, hadithi ya ukoo mmojawapo wa humo humo, na usiku wa kwanza tu huko Marekani ikatazamwa na karibu watu milioni 10, mwanzo mkubwa kuliko tamthilia yoyote ya HBO. Mtu aliyekasirika vile bado anapenda. Ogopa siku wakinyamaza.

Sasa Kassim. Usidhani nakwambia uzibe masikio unyooshe tu mpango wako, maana huo ugonjwa nao upo na unaua. Kuna komedi ya Marekani, How I Met Your Mother, baba anawasimulia watoto alivyokutana na mama yao. Watunzi walishajua mwisho mapema mno, na kwasababu watoto wanakua, sini ya mwisho ya wale watoto waliirekodi mwaka 2006 wakaiweka kabatini. Tamthilia ikaenda misimu 9. Njiani hadithi ikageuka, Robin, mwanamke ambaye baba alimpenda toka mwanzo, akapata mwanaume mwingine, msimu wa mwisho karibu wote ukatumika kwenye wikiendi moja ya harusi yao, na yule mama tuliyemsubiri miaka yote akaja akawa mzuri kuliko walivyotegemea. Machi 2014, episodi ya mwisho, ndoa ile ikavunjwa ndani ya dakika chache, mama akafa haraka haraka, na baba akarudi kwa Robin, kwasababu sini iliyoko kabatini inasema hivyo. Watu walichukia sana mpaka kwenye DVD wakaweka mwisho mwingine. Mimi siwalaumu kwa kukataa kusikiliza mashabiki, nawalaumu kwa kutosikiliza hadithi yao wenyewe, walikuwa wanatii karatasi ya miaka minane nyuma.

Wewe karatasi yako ya episodi ya 1 inasema atasamehewa. Nikafanya kitu ambacho nakushauri ukifanye kila mwezi, nikapanga komenti zako kwa tarehe. Usiangalie wanataka nini, angalia walianza lini. Mpaka episodi ya 16 watu wanamwambia Kassim, "kaka badilika", "Kassim rudi nyumbani mkeo mzuri", wapo hata wanaomtetea kwamba ni ujana. Episodi ya 17, ghafla, hakuna anayeongea na Kassim tena. Wote wanaongea na Zuhura, na wote wanasema toka. Nikaiangalia ya 17. Ndo ile Kassim anauza cherehani ya marehemu mama yake Zuhura ili amnunulie Nasra simu.

Nadhani we uliiandika kama uovu mmoja tu kwenye foleni ya maovu. Sini ina dakika moja na nusu, Zuhura anakuta nafasi tupu pale dirishani, zile alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu, anainama anazigusa, imekatwa. Aisee, hiyo ni sini nzuri kuliko zote ulizoandika na nina wasiwasi hujui. Uhuni wa Kassim watu walikuwa wanaumeza, wameona mengi. Cherehani hawakuimeza. Alafu episodi ya 18 mpaka ya 22 haitajwi hata mara moja! Zuhura anagombana kuhusu meseji na kulala nje, kana kwamba ile nafasi dirishani haipo.

Kwahiyo hawa watu wanaosema "muache" wako ndani, na jibu lao usilichukue kama lilivyo. Lakini tarehe yao chukua. Wanakwambia umekopa kitu kizito episodi ya 17 na hujalipa. Ukimrudisha Kassim kwa machozi na shada la maua kama ulivyoandika kwenye ule muhtasari wako, hapo ndo watatoka nje, wataanza kukuuliza wewe, "mtunzi, na cherehani?" Na watakuwa sahihi.

Njia ziko nyingi, ni zako, mi sikuandikii. Anaweza kuitafuta ile cherehani miezi mitatu, duka hadi duka, aipate kwa fundi mwingine anayelishia watoto kwayo na hataki kuiuza. Anaweza kuirudisha na Zuhura akaipokea cherehani akafunga mlango Kassim akiwa nje. Anaweza hata kusamehewa, ndio, kama ulivyotaka, ila awe amelipa mpaka mtazamaji aone aibu kuendelea kudai. Inawezekana ukifika huko ukaona mwenyewe kwamba Zuhura hamtaki tena, na hiyo haitakuwa umewatii mashabiki.

Dairekta wako mwambie mfalme kasikilizwa. Msipige kura kwenye chaneli kuuliza mwisho uweje, na msitangaze kwamba mnabadilisha, mkishatangaza kila mtu anakuwa mtunzi na hakuna anayebaki kochini kwa Zuhura. Anzeni na ya 23, sini ya kwanza kabisa, Zuhura anafagia anafika dirishani anazizunguka zile alama nne, hazifagii. Maneno hamna.

Na lile gari la kuingia getini likate. Nimelipima, ni dakika nne na sekunde kumi.